UZI: Nani alituambia tupande mikaratusi, na nani sasa anatuambia tuing'oe?

1. Kila msimu wa siasa, kuanzia Kitale hadi Bungoma, mada hii lazima irudi. Mmoja anapanda jukwaani: "Bulugamu zote zing'olewe, zinamaliza maji!" Mwingine anajibu: "Wanataka kuwanyang'anya mashamba!" Wote wanapigiwa makofi. Leo tuangalie historia, kisha uamue mwenyewe. Twende polepole.

2. Mkaratusi asili yake ni Australia. Uliletwa Kenya karibu mwaka 1902 kwa sababu ya reli ya Uganda. Injini za moshi zilikula kuni nyingi mno, na miti ya asili haikui haraka. Kwa hivyo si mkulima mdogo aliyeuleta. Ni serikali ya wakati huo, kwa mahitaji yake.

3. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Walowezi wa Trans Nzoia walikuwa na mashamba makubwa, na miti ya kigeni ikapandwa kukinga upepo na kuonyesha mipaka. Kwenye boma wakataka ua na maua. Kayaba ilitoka kusini mwa Afrika. Lantana, ile yenye maua ya rangi rangi, ilitoka Amerika kama pambo la bustani.

4. Lantana haikukaa bustanini. Ndege hula matunda yake na kudondosha mbegu kila mahali, na ng'ombe akila majani yake anaugua. Ndiyo maana pambo la nyumba moja linaweza kuwa hasara ya kijiji kizima. Ua wako si mambo yako peke yako.

5. Baada ya uhuru, mkaratusi ukawa benki ya mwananchi. Huko Bungoma vipande vya ardhi ni vidogo, na miti michache kando ya mto ni karo ya mtoto, ni mabati, ni gharama ya matanga. Nguzo za umeme nazo zikapata soko. Ukimwambia mama mjane akate, unamwambia afunge akaunti.

6. Ikafika 2009, mwaka wa ukame. Waziri wa mazingira akaagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Mwaka huo huo, kanuni mpya za kilimo zikataka kila shamba liwe na miti kwenye angalau asilimia 10 ya eneo lake. Sasa mkulima asikie lipi? Ukweli ni kwamba amri hizo hazipingani: panda miti, lakini si mti wowote mahali popote. Shida ni kwamba wengi walisikia tu "panda" na "kata".

7. Je, mkaratusi unamaliza maji? Unakua haraka, kwa hivyo unakunywa sana. Juu ya kilima kikavu, mbali na chemchemi, si hatari sana. Ndani ya kinamasi ni kesi nyingine. Karibu na Kitale kuna Saiwa, hifadhi ya taifa tangu 1974, ndogo lakini makao ya nzohe, swala anayeishi majini. Kinamasi kikikauka, nzohe hana pa kwenda. Na Nzoia inapita Trans Nzoia kabla ya kuingia Bungoma. Wa juu akikosea, wa chini anachota matope.

8. Kanuni za maji za 2007 zilitaja umbali kutoka ukingoni: si chini ya mita 6, hadi mita 30, kulingana na upana wa mto. Kwa hivyo anayesema "zote zing'olewe" anapitiliza, na anayesema "hakuna sheria" anadanganya. Tangu katiba ya 2010, kaunti ndizo zenye kazi ya kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi udongo, maji na misitu.

9. Kumbuka Baringo. Mathenge uliletwa miaka ya 1980 kama mradi wa kuzuia jangwa. Ukasambaa, ukafunga malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi walienda mahakamani kudai fidia, hata mbuzi asiye na meno akafikishwa kortini kama ushahidi. Swali lao lilikuwa: aliyetuletea mti, mbona hasara ni yetu?

10. Hilo ndilo swali letu pia. Mgombea akija kwenu, muulize haya matatu: Mita ngapi, na nani atapima? Mkulima atapewa muda gani kabla ya kukata? Miche ya badala itatoka wapi, na kwa gharama ya nani? Akijibu kwa kelele tu, basi hajaja kwa sababu ya mto. Amekuja kwa sababu ya kura.

Mwisho wa uzi. Kwenu mto uko mita ngapi kutoka kwa miti? Tuambie hapo chini.