Kibo, Baridi na Theluji: Jinsi Mlima wa Kilimanjaro Ulivyojulikana kwa Miguu na kwa Maneno

Mtu aupandaye mlima wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huianza safari yake katikati ya migomba na mibuni, akisikia sauti ya maji pande zote. Mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na Wachagga tangu zamani za mababu, huyatwaa maji ya mito na kuyapeleka mashambani. Na penye makorongo maji huanguka kwa kishindo, kama pale Kinukamori, ambapo wageni husimuliwa habari za binti Makinuka aliyeangamia katika maporomoko yale. Juu ya mashamba ni msitu mzito wenye ukungu. Juu ya msitu ni nyika ya vichaka na majani. Kisha ni uwanda wa mawe ulio kati ya vilele viwili, Kibo na Mawenzi. Na mwisho ni changarawe, miamba na barafu, hata mita 5,895 juu ya bahari.

Makala hii haikusudii kusifu uzuri wa njia hiyo, maana wengi wamekwisha kuusifu. Yakusudia kuuliza neno moja tu: watu waliopita humo zamani waliyaitaje yale meupe yaliyo juu, na maneno yao yalipokewaje na wenye elimu? Kwa maana kwa muda wa miaka zaidi ya kumi ulikuwako ubishi huko Ulaya juu ya jambo ambalo mwenyeji wa Machame angaliweza kulikata kwa sentensi moja.

Tarehe 11 Mei, mwaka wa 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa Church Missionary Society aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kwenda nchi ya Wachagga pamoja na wapagazi wachache, na kiongozi wake Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za misafara. Asubuhi ile aliona kilele kilichofunikwa na kitu cheupe sana, akadhani kwanza ni wingu. Alipomwuliza kiongozi, alijibiwa kwamba ni baridi tu. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akatambua mara moja ni kitu gani. Yeye mwenyewe aeleza kwamba walipoketi kupumzika aliifungua Biblia yake akasoma Zaburi ya 111, inayotangaza matendo makuu ya Bwana.

Na tulitazame vema jibu lile la kiongozi. Kiswahili kina neno theluji, lililotoka katika Kiarabu. Walakini siku ile halikutoka kinywani mwake. Mtu wa Mombasa hakuwa na haja nalo. Alilolijua ni lile ambalo mwili wake ungeweza kulisikia, akalisema: baridi. Wako waliocheka jibu hilo kana kwamba ni ujinga. Mimi naliona kuwa ushuhuda mwaminifu, kwa kuwa hakubuni kitu asichokijua. Kila mwalimu aliyefundisha mfano wa nabii Isaya wa dhambi kuwa nyeupe kama theluji, mbele ya watoto wa nchi ya joto, ameyaona mashaka hayo hayo: neno liko kitabuni, lakini kitu chenyewe hakijaguswa na mkono.

Lakini Wachagga walikuwa wamekwisha kukigusa. Katika safari zake za baadaye Rebmann alisikia kwamba Rungua, mangi wa Machame, baba yake Mamkinga, aliwahi kutuma watu wapande mlimani wapeleleze kitu kile kilichong'aa, akitumaini kwamba huenda ikawa ni fedha. Watu wale walipatwa na baridi kali na hofu. Wakadhani wanapigwa na pepo, wakakimbia ovyo, wakafa. Mmoja tu alirudi kuleta habari, mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi na kupindika. Kiongozi wa Rebmann alisema amemwona mtu huyo kwa macho yake, na kuisikia habari hiyo kinywani mwake. Basi, msafara wa kwanza wa kuichunguza theluji ya Kilimanjaro ambao habari zake zimeandikwa haukuwa wa Wazungu. Ulitumwa na mangi wa Machame, nao ulilipwa kwa roho za watu.

Tuje sasa kwenye majina. Rebmann aliandika kwamba Waswahili waliuita mlima Kilimanjaro, akaleta tafsiri mbili: mlima wa ukuu, au mlima wa misafara, kwa kuwa ulionekana kwa mbali na kuwaongoza wasafiri. Wengine waliokuja nyuma walitafuta asili yake katika Kichagga, wakasema maana yake ni kitu kilichoushinda msafara. Kila tafsiri ina watetezi wake, na kila moja ina udhaifu wake. Maana kama ni Kiswahili, kwa nini mlima mkubwa kuliko yote ya Afrika uitwe kilima? Wamaasai huuita Oldoinyo Oibor, yaani mlima mweupe. Nao Wakamba, kama alivyoandika Krapf, mwenzake Rebmann, waliutaja kadhalika kwa weupe wake.

Kwa habari ya Wachagga wenyewe, Rebmann aliandika kwamba wao huuita Kibo, na ya kuwa maana yake ni theluji. Tena ya kuwa walijua vema kwamba kitu kile hugeuka kuwa maji. Lakini wengine waeleza kwamba jina hilo, Kipoo kwa matamshi ya wenyeji, maana yake ni chenye madoadoa, kwa sababu miamba myeusi huonekana katikati ya weupe; na Kimawenze, yaani Mawenzi, maana yake ni kilichovunjika au chenye mapengo. Hadithi yakubaliana na maana hiyo ya pili: Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba makaa mara kwa mara, hata Kibo akakasirika akampiga kwa mchi, ndiyo sababu kichwa chake kimevunjika-vunjika hata leo. Hapa pana onyo kwa kila akusanyaye maneno. Mgeni aelekezapo kidole kwenye kilele cheupe na kuuliza, "Hiki ni nini?", mwenyeji aweza kumtajia jina la mahali, naye mgeni akaliandika kuwa jina la kitu. Yafaa kuuliza mara ya pili, na kwa mtu wa pili.

Habari za Rebmann zilipigwa chapa London katika mwaka wa 1849. Mtaalamu mmoja wa ramani, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga bara la Afrika, alizikataa kabisa, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1852 alishikilia kwamba theluji ile ni mawazo ya Rebmann tu. Alisoma vitabu vingi vya kale, akavilinganisha kwa akili kali. Wala bidii yake si ya kudharauliwa. Kosa lake lilikuwa moja: alikihesabu kitabu kuwa shahidi mkubwa kuliko mtu aliyekwenda kwa miguu. Katika mwaka wa 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda pamoja na Otto Kersten mpaka zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Katika mwaka wa 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti wa Ribe, aliifikia theluji yenyewe. Na kijana aitwaye Tofiki alifuatana naye mpaka karibu nayo, wengine walipokuwa wameshindwa na baridi. Hapo ubishi ukaisha.

Tarehe 6 Oktoba, mwaka wa 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama juu ya kilele cha Kibo. Meyer alikaribishwa Marangu na Mangi Marealle. Na katika kitabu chake amtaja Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa nao kambini juu ya uwanda ule wa baridi na kuitunza kambi wakati wao walipopanda. Watu wa Marangu nao humtaja Yohani Kinyala Lauwo, mzaliwa wa kwao, kuwa kiongozi wa safari hiyo. Kilele kilipewa jina la mfalme wa Ujerumani. Na mahali pengine juu ya Kibo pakaitwa kwa majina ya wapandaji, kama Gillman na Reusch. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, mwaka wa 1961, Alexander Nyirenda aliwasha mwenge juu yake, na kilele kikaitwa Uhuru. Basi majina ya Wazungu, na jina la taifa, yameandikwa juu ya mlima. Lakini wale waliotumwa na Rungua hawana hata jiwe moja lenye jina lao, wala wapagazi wengi waliobeba mahema.

Limebaki neno moja, nalo ni la huzuni. Katika mwaka wa 1912 barafu ya Kibo ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 12 hivi. Katika mwaka wa 2011 hazikusalia hata 2, na yazidi kupungua. Wengi hudhani kwamba barafu ikiisha mito na maporomoko yatakauka. Waliopima maji waeleza kwamba sehemu kubwa sana ya maji ya mito yatoka katika mvua na ukungu wa msitu, si katika barafu; kwa hiyo mwenye kuukata msitu huwaondolea watoto wake maji, hata kama Kibo kingekuwa cheupe kama zamani. Lakini lugha itapata hasara. Siku itakuja ambapo mtoto wa Machame atalisikia jina Kibo, asione juu yake weupe wala madoadoa, na mwalimu atalazimika kumweleza kama anavyomweleza neno theluji katika Isaya.

Kwa hiyo nawasihi walimu na wachungaji wa vijiji vya mlimani. Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig alikaa Moshi ya Kale miaka mingi, akiwasikiliza wazee, na kitabu chake cha sheria za Wachagga, kilichotoka mwaka wa 1926, ni tunda la kusikiliza huko. Kazi hiyo haijaisha. Mwendapo na wanafunzi kwenye maporomoko au kwenye ukingo wa msitu, mwulizeni mzee wa mahali pale jina la kijito, jina la jiwe, na jina la baridi ya kila msimu, mkaandike vile vile asemavyo, pamoja na jina lake yeye aliyewaambia. Bwana Kheri alisema alichokijua, naye Rebmann akakiandika pamoja na jina la aliyesema. Kwa sababu hiyo sisi leo twajua.