Eneokazi la Mcheza Gemu

Vijana wanaohamia Linux huniuliza swali moja: kwa gemu, niweke KDE au GNOME? Mimi ni fundi wa kompyuta na mchezaji pia, na jibu langu huanzia mwaka 1996.

Oktoba ya mwaka huo Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, alitangaza mradi wa KDE. Programu za Unix, mfumo ambao Linux huufuata, zilikuwa kila moja na sura yake. Yeye alitaka eneokazi ambalo hata asiye mtaalamu angelimudu. Alilijenga juu ya Qt, maktaba ya kampuni ya Trolltech ya Norway, ambayo leseni yake haikuwa huru. Hapo ugomvi ukazuka. Agosti 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wa Mexico, wakaanzisha GNOME, eneokazi lililo huru tangu msingi. Mwaka 2000 Qt iliwekwa chini ya leseni huru ya GPL na hoja ya ugomvi ikaisha, ila kambi zikabaki mbili. KDE humwachia mtumiaji arekebishe karibu kila kitu. GNOME, hasa tangu toleo la 3 la mwaka 2011, humpunguzia maamuzi.

Kwa mchezaji, tofauti hiyo si ya urembo. Kati ya gemu na kioo inasimama kompozita, programu inayokusanya madirisha yote na kuyafanya picha moja. Kwenye kadi ya picha dhaifu, kazi hiyo hula fremu na kuchelewesha mkono wako. Enzi za X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha picha kwenye Linux, KDE ilikuruhusu kuizima: nilibonyeza Alt, Shift na F12, gemu ikapumua. Katika Wayland, mfumo ulioirithi X11, haizimiki, maana kompozita ndiyo yenyewe inayoendesha kioo. Ikabidi watengenezaji waiboreshe. Plasma, eneokazi la KDE, ilianza mwaka 2021 kuruhusu kioo kifuate mwendo wa gemu badala ya kushikilia kasi moja. GNOME ilileta uwezo huo Machi 2024, tena kwa majaribio.

Kampuni ya Valve, yenye duka la gemu la Steam, nayo ilihama kutoka GNOME kwenda KDE. Toleo la kwanza la SteamOS, mfumo wake wa Linux, Desemba 2013, lilikuja na GNOME. Proton, programu yake ya kuendesha gemu za Windows, ikatoka 2018, na gemu nyingi za Windows zikaanza kucheza kwenye Linux. Steam Deck, kompyuta yake ya gemu ya mkononi, ilipoingia sokoni Februari 2022, eneokazi lake lilikuwa Plasma. Lakini ukiiwasha, hukutani nalo kwanza: gemu huendeshwa na gamescope, kompozita ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo nawajibu hivi: kama kioo chako hubadili kasi, au unapenda kurekebisha, weka Plasma. Kama mashine ni kuukuu na RAM ni haba, Xfce, eneokazi jepesi, itakuachia nafasi zaidi. Anayetaka utulivu wa GNOME atacheza vizuri pia. Msione uwingi huu kuwa vurugu. Ugomvi wa 1997 ndio uliotupa maeneokazi mawili makubwa yaliyo huru yote, na ndiyo maana Valve iliweza kuhama kutoka moja kwenda jingine bila kumwomba mtu ruhusa. Uhuru huo huo anao kijana mwenye kompyuta ya mtumba.