Kontrola, Mlinzi wa Betri za Vijijini

Wengi wakisimulia historia ya sola Kenya huanza na paneli. Mimi ni fundi wa sola katika vijiji vya Meru, nami huanza na betri, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Kabla paneli hazijapanda juu ya mabati yetu, baadhi ya nyumba zilikuwa na televisheni ndogo isiyo ya rangi na betri ya gari ya volti 12. Ikiisha chaji, ilifungwa nyuma ya baiskeli au ikapakiwa kwenye matatu hadi sokoni, ikaachwa kwa mwenye chaja.

Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Harold Burris na Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea wa Peace Corps, waliishawishi Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, huku kwetu, ifunge sola badala ya kununua jenereta ya dizeli. Vijana wa hapa walijifunza ufundi kwa kufunga mitambo ya shule. Wenye mashamba ya chai na kahawa walipoona madarasa yanawaka usiku, wakataka taa kwao pia. Biashara ikakua madukani, kwa pesa za wananchi wenyewe. Miaka ya 1990 ilipokwisha, nyumba zaidi ya 100,000 nchini zilikuwa na sola.

Lakini mtambo ulinunuliwa kidogokidogo. Mwaka huu paneli ya wati 12 au 14, betri ni ileile ya zamani, taa zitafuata baada ya malipo ya chai. Kontrola, kifaa kinachokaa kati ya paneli, betri na taa, ndiyo iliyokatwa kwenye hesabu. Haiangazi chumba, haiongei, haionyeshi picha. Mnunuzi aliuliza yaleta faida gani, na muuzaji aliyetaka kuuza upesi hakumjibu.

Faida zake ni mbili. Mchana huzuia betri isichajiwe kupita kiasi, maana paneli ya volti 12 ikiwa haina mzigo hufika volti 20 na zaidi, ilhali betri ya risasi na asidi inatosheka kwenye 14.4 hivi. Usiku hukata taa na televisheni betri inapokaribia kuisha. Kwa paneli ndogo za wakati ule, hatari kubwa ilikuwa hiyo ya pili. Wati 12 haziwezi kuichemsha betri ya Ah 50. Betri zetu zilikufa kwa njaa, hazikufa kwa shibe.

Nimefungua kontrola nyingi za enzi hizo. Ndani kuna rilei inayolia “ta!” ikikata, na mbele taa tatu: kijani, njano na nyekundu. Nyuma ya nyingi nilikuta kipande cha waya kilichounganisha betri na televisheni moja kwa moja. Taa nyekundu iliwaka katikati ya taarifa ya habari, mwenye nyumba akaona kontrola ndiyo inayomnyima, akaipitia kando. Betri ya nyumba hiyo ukiichungulia, sahani zimeota ukungu mweupe wa salfeti. Haishiki chaji tena, na betri ndiyo ghali kuliko vyote, kwa kuwa hununuliwa tena na tena.

Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa. Kontrola ikaingia ndani ya kisanduku chenye laini ya simu, na hapo si rahisi kuirukia kwa waya. Betri ikalindwa, lakini kisanduku hichohicho kikazima taa za aliyechelewa kulipa. Mlinzi wa betri akawa pia mlinzi wa deni.

Leo paneli kubwa zimeshuka bei, na uamuzi wa kontrola umekuwa mzito zaidi. Chukua paneli ya wati 300 yenye seli 60: inafanya kazi kwa volti 32 na ampea 9.4. Kontrola ya aina ya PWM huiunganisha na betri ya volti 12 vivyo hivyo, ampea 9.4 kwa volti 13 ni wati 122 tu, nyingine zimepotea. Kontrola ya aina ya MPPT hugeuza volti za ziada kuwa ampea, ikafikisha 20 na kitu kwenye betri ileile. Hapo nunua ya ampea 30, wala usijutie bei. Lakini kwa paneli ya seli 36, hasa kwenye joto kali linaloshusha volti zake, PWM nzuri inatosha. Na ukiwa na betri ya lithiamu, hakikisha kontrola ina mpangilio wake.

Mteja akija kwangu na pesa za paneli mbili, namshauri anunue moja na kontrola ya maana. Wengine hukasirika, wakidhani nawapunguzia umeme. Nawaambia ukweli ambao wazazi wetu waliulipia kwa betri zao: paneli hukupa umeme wa leo, kontrola hukupa wa mwaka wa tano. Muuzaji asiyeitaja kabla hujauliza, usimwachie pesa zako.