Mito ya Babeli na Mistari Isiyoimbwa

Kuna wimbo ambao karibu kila msharika anaufahamu, hata asiyejua neno moja la Kiingereza. Kikundi cha Boney M kiliutoa mwaka 1978, na tangu hapo umepigwa kwenye harusi, sherehe za kipaimara, mabasi ya mikoani na redio za Jumapili asubuhi. Wazee huucheza, watoto huucheza, na mchungaji aliyeketi meza kuu hujikuta anapiga mguu taratibu chini ya kitambaa cha meza. Ni wimbo wa mito ya Babeli.

Maneno yake yametoka Zaburi ya 137, mstari wa 1 hadi wa 4, na nyuma yake umeongezwa mstari wa mwisho wa Zaburi ya 19. Wimbo unakomea hapo, lakini zaburi inaendelea. Mwimbaji anajilaani endapo ataisahau Yerusalemu. Anamkumbusha Bwana jinsi Waedomu walivyoshangilia mji ulipobomolewa. Kisha, katika mstari wa 9, anamtakia heri mtu atakayewakamata watoto wachanga wa Babeli na kuwapiga juu ya mwamba. Neno hilo, heri, ndilo lile lile linalofungua Zaburi ya 1. Isomeni zaburi hii nzima katika kipindi cha Biblia mwone: watu hunyamaza kwanza, halafu mmoja huuliza kama kweli maneno hayo yamo.

Yamo. Na kwa kuwa ukanda wetu wa Maziwa Makuu umeona nyimbo zikitangulia mauaji, hatuwezi kuyapita kana kwamba ni kosa la mchapaji.

Tuanze na wimbo wenyewe. Haukutungwa na Boney M. Ulirekodiwa Jamaika mwaka 1970 na kikundi cha Melodians, na watunzi walikuwa Brent Dowe na Trevor McNaughton. Walikuwa watu wa Rastafari, wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, na kwao Babeli ilikuwa jina la utawala wa kikoloni, polisi wake na kila mamlaka inayomkanyaga mnyonge. Maelezo ya Dowe ni kwamba mwanzoni wimbo ulizuiwa redioni kwa kuonekana wa uchochezi, mpaka ilipooneshwa kwamba maneno yake ni ya Biblia. Ndipo ukapendwa. Mtayarishaji wa Boney M, Frank Farian, alipouchukua kule Ujerumani Magharibi, maneno ya Kirasta yanayomtaja mfalme wa Ethiopia yaliondolewa, na mdundo ukawa wa disko. Huko Uingereza wimbo ulikaa nafasi ya kwanza wiki 5. Kwa hiyo maombolezo ya mateka yalikatwa mkia Jamaika, yakakatwa ukali Ujerumani, na yalipotufikia sisi yalikuwa muziki wa kukatia keki.

Sasa twende Babeli yenyewe. Nebukadreza aliichukua Yerusalemu mara mbili. Mwaka 597 KK alimhamisha mfalme Yehoyakini pamoja na wakuu na mafundi. Miaka kumi baadaye, Sedekia alipoasi, mji ulizingirwa kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Kitabu cha Maombolezo kinasema kinamama wenye huruma waliwapika watoto wao wenyewe. Ukuta ulipobomolewa, Sedekia alipelekwa Ribla. Wanawe wakauawa mbele ya macho yake, kisha yeye akang'olewa macho, ili jambo la mwisho aliloliona duniani liwe hilo (2 Fal. 25:7). Na kuhusu Waedomu, ndugu wa ukoo kwa Esau, Obadia anasema walisimama njia panda wakiwakata waliokuwa wakikimbia.

Kuwapiga watoto wachanga juu ya mawe kulikuwa desturi ya vita ya zama hizo. Elisha anamlilia Hazaeli kwa sababu anajua atalifanya Israeli (2 Fal. 8:12), Hosea analitabiri kwa Samaria, na Nahumu anasema lilitendeka Thebesi ya Misri kwenye kila njia panda. Mtunzi wa Zaburi ya 137 hakukaa kubuni ukatili mpya. Anataja jambo ambalo watu wake walitendewa, au walilijua vizuri mno, na anaomba lirudi lilikotoka. Mstari wa 8 unasema hivyo waziwazi: ni malipo ya yale mliyotutenda sisi.

Jambo moja hunishangaza kila ninapoufundisha muda huu wa historia. Babeli haikuwa gereza. Wachimbaji wa Kijerumani walipata katika magofu ya jumba la Nebukadreza mabamba ya udongo, yaliyochapishwa mwaka 1939 na Ernst Weidner, yanayoorodhesha posho ya mafuta kwa Yehoyakini, mfalme wa Yuda, na wanawe watano. Mabamba mengine, yaliyotolewa kitabuni mwaka 2014, yanahusu kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, yaani Mji wa Yuda. Humo wahamishwa wanakodi mashamba, wanalipa kodi kwa shayiri na tende, wanakopeshana na kugawana urithi. Yeremia alikuwa amewaandikia hivyo hivyo: jengeni nyumba, pandeni bustani, uombeeni amani mji mliohamishiwa, kwa maana amani yake ndiyo amani yenu (Yer. 29).

Kwa hiyo watu wale wale, kando ya mifereji ile ile, walipokea barua ya Yeremia na wakauhifadhi wimbo huu. Waliokusanya Maandiko hawakuona haja ya kufuta kimojawapo ili kingine kipumue.

Kanisa ndilo lililoona haja hiyo. Augustino alitafuta njia ya kiroho: watoto wa Babeli ni tamaa mbaya zinapozaliwa moyoni, na mwamba ni Kristo, basi zipige hapo zingali changa. Ni mahubiri mazuri kwa vijana wa kipaimara. Ila mtoto mwenyewe ametoweka katika tafsiri hiyo, na mama yake pia. Isaac Watts alipozitunga upya zaburi kwa ajili ya kuimbwa mwaka 1719, hii aliiacha kabisa. John Wesley, akiwaandalia Wamethodisti wa Amerika kitabu cha ibada mwaka 1784, aliacha zaburi nyingi na sehemu za zaburi akiziona hazifai vinywani mwa kusanyiko la Kikristo. Wakatoliki, katika sala za vipindi zilizorekebishwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, waliondoa zaburi tatu nzima za laana, na mistari ya mwisho ya hii. Boney M walikuwa na wenzao, tena wenye majoho.

Na tusiwacheke. Martin Luther, Waturuki walipokuwa wameuteka mji wa Buda, alitunga wimbo uliochapishwa mwaka 1543 ukiwa na kichwa kinachosema ni wimbo wa watoto dhidi ya maadui wawili wakuu wa Kristo, Papa na Mturuki. Ulimsihi Mungu azuie mauaji yao. Watoto wa Wittenberg waliuimba kwa sauti zao nyororo. Walutheri wa baadaye waliubadilisha mstari huo, ukawa unataja maadui tu bila jina. Kwangu mimi walifanya vema. Hapa kwetu shemeji ni Mkatoliki na baba mkwe ni Mwislamu, na wimbo unaowataja hivyo unampa mtoto adui kabla hajajua kusoma.

Kama nakubali kuukata wimbo wa Luther, kwa nini nakataa kuikata zaburi? Hapa ndipo lazima twende Arusha.

Tarehe 2 Desemba 2008, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15. Bikindi alikuwa nyota. Kikundi chake cha ngoma kiliitwa Irindiro, na nyimbo zake zilikuwa na vionjo vya asili vilivyowagusa watu wa vijijini. Asiyejua Kinyarwanda angedhani ni nyimbo za mavuno. Ndani yake, kwa mafumbo na methali, mlikuwa na historia iliyogawanya watu: nani alimtawala nani, nani asirudi kutawala, na Mhutu gani wa kuchukiwa kwa kusahau kabila lake. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilizipiga tena na tena wakati mauaji yakiendelea. Mahakama ilisikiliza wataalamu wakizichambua ubeti kwa ubeti. Iliona kwamba zilitumika kueneza chuki, lakini haikumtia hatiani kwa kuzitunga. Alipatikana na hatia kwa maneno aliyosema kwa kipaza sauti cha gari mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya Kivumu na Kayove, akiwahimiza Wahutu kuua Watutsi.

Ndugu zetu wa Ngara hawahitaji kusimuliwa. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na shirika la wakimbizi la Kikristo la TCRS lilikuwa miongoni mwa waliowahudumia katika kambi ya Benaco. Katika foleni moja ya maji walisimama wasio na hatia pamoja na waliotoka kuua. Wengi wao walikuwa Wakristo. Zaburi walizijua.

Kwa hiyo jibu jepesi, kwamba zaburi ni sala na sala haimdhuru mtu, halinitoshi. Tena ukisoma kwa makini, ni mstari wa 7 tu unaoelekezwa kwa Bwana. Mistari ya 8 na 9 inaelekezwa kwa Binti Babeli. Tofauti naiona penginepo. Anayeimba amenyang'anywa kila kitu, na kinubi chake kimetundikwa mtini. Hasemi nitafanya, wala hawaambii wenzake nendeni mkafanye. Watekaji wanataka awaburudishe kwa wimbo wa Sayuni, naye badala ya burudani anawapa uchungu wake wote. Maneno hayo hayo mkononi mwa mwenye panga na redio ni kitu kingine kabisa, na pengine ndiyo sababu wimbo wa Luther haukustahili kubaki ulivyo: Walutheri walikuja kuwa na wafalme na majeshi.

Dietrich Bonhoeffer alilihubiri jambo hili Finkenwalde tarehe 11 Julai 1937, siku kumi baada ya mchungaji Martin Niemöller kukamatwa. Alichagua Zaburi ya 58, ambayo ni kali kama hii. Alisema sisi si safi kiasi cha kuomba sala hiyo. Anayeweza kuiomba ni Kristo asiye na dhambi peke yake, na kisasi kinachoombwa kilimwangukia yeye msalabani. Hakuwaambia wanafunzi wake waifunge Biblia.

Ndiyo maana naomba tuisome yote ibadani, hata kama baadaye tutacheza harusini ule ufupi wake. Mzazi ambaye mtoto wake mwenye ualbino aliuawa kwa sababu ya imani za kishirikina anaweza kusema maneno kama ya mstari wa 9 sebuleni kwake, mbele ya mzee wa kanisa. Tusimjibu haraka kwamba asamehe. Afadhali aonyeshwe kwamba maneno yake yamekwisha kuandikwa, na mahali yalipoandikwa.

Babeli ilianguka mwaka 539 KK. Kumbukumbu za Babeli zinasema Waajemi walichinja watu wengi huko Opisi, lakini jeshi la Koreshi liliingia Babeli yenyewe bila vita. Watoto wa mji hawakupigwa mwambani. Wayahudi waliotaka kurudi walirudi, na wengine wakabaki. Mabamba ya Al-Yahudu na vijiji vya jirani yanaendelea mpaka mwaka 477 KK, na ndani yake wajukuu wa mateka bado wanalipa kodi ya shayiri, na bado wanawapa watoto wao majina yenye jina la Bwana.