Sonona katika Viungo Vinavyouma

Mwaka 1943 Hathaway na McKinley wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha dodoso refu la kupima hali ya akili. Wagonjwa wa baridi yabisi walipolijibu, alama zao za sonona zilipanda. Zingeachaje kupanda? Mama yangu, ambaye vidole vyake hukakamaa tangu alfajiri, akiulizwa kama bado ana uwezo wa kufanya kazi kama zamani, atajibu nini? Mwaka 1986 Theodore Pincus na wenzake walionyesha kwamba sentensi kadhaa za dodoso hilo zilipima ugonjwa wa viungo, si huzuni.

Zigmond na Snaith, kule Uingereza, walikwishaliona tatizo hilo. Dodoso lao la 1983, maswali 14, liliacha makusudi uchovu, usingizi na maumivu ya kichwa, na kuhusu sonona likauliza hasa kama mtu bado anafurahia mambo aliyoyapenda. Swali hilo naliheshimu mno. Dodoso jingine la sonona, PHQ-9, la 2001, liliurudisha uchovu.

Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa 2009 ulitaka mgonjwa wa baridi yabisi achunguzwe sonona kila mwaka, pamoja na shinikizo la damu na mifupa. Mama hajaulizwa bado, na mimi nitaendelea kudai aulizwe.