Magnesi katika Nuru ya Nyota

Vilima vya Kampala havikosi migomba, na kila jani la mgomba limebeba madini ambayo jua nalo limeyaandika katika nuru yake, nayo ni magnesi, iliyomo katikati ya chembe ipayo mimea rangi yake, kama alivyodhihirisha Richard Willstätter wa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Magnesi hiyo haikuzaliwa hapa duniani. Iliumbwa ndani ya nyota zilizokuwa kubwa mno kuliko jua letu, ambazo maisha yao yalikuwa mafupi na mwisho wao mlipuko, na chuma kingi kilikuja baadaye kwa milipuko ya namna nyingine. Kwa sababu hiyo mwanafalaki alinganishaye magnesi na chuma katika nyota huwa anatafuta nasaba ya nyota hiyo: kama ni ya zamani za kale, au ni ya juzi.

Uganda imepata kuishuhudia nuru hii ya jua, ilimoandikwa magnesi, kwa namna ya pekee. Tarehe 3 Novemba 2013, huko Pakwach, kando ya Mto Nile, jua lilifunikwa lote kwa muda usiotimia nusu dakika, ilhali waliosalia Kampala waliliona likimegwa sehemu tu. Mwezi ukishalifunika jua hata ukabaki ukingo mwembamba, mistari ambayo siku zote ni myeusi katika mkunjuo wa rangi zake hung'aa ghafula, jambo aliloliona mwanafalaki Charles Young huko Hispania mwaka 1870. Na miongoni mwa mistari hiyo imo mitatu ya kijani, ya nanomita 516.7, 517.3 na 518.4, ambayo Joseph Fraunhofer aliipa herufi b katika karne ya 19 ilipokuwa changa, bila ya yeye kujua kuwa ni ya magnesi.

Laiti weusi wa mstari, utokanao na atomi kuinywa nuru, ungekuwa kipimo cha wingi wa magnesi peke yake, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini atomi ya magnesi imo ndani ya gesi yenye joto la nyuzi elfu kadhaa, imezungukwa na elektroni huru ziendazo kasi huku na huku, na kila elektroni iigongapo yaweza kuipandisha daraja ya nguvu au kuishusha. Mistari ile mitatu huanzia katika daraja ambayo nuru huifikisha atomi kwa tabu sana kutoka chini, hata migongano ikawa na neno kubwa katika jambo hilo. Na asiyejua migongano hutukia mara ngapi hawezi kujua kwa yakini ni atomi ngapi zilizo tayari kuinywa nuru ya kijani.

Kwamba elektroni hupoteza nguvu yake kwa mafungu maalumu, wala si kiholela, James Franck na Gustav Hertz walikwisha kulithibitisha mwaka 1914 kwa mvuke wa zebaki. Ila kupima maabarani kila mgongano wa magnesi ni kazi isiyokwisha, kwa kuwa daraja ni nyingi. Ndipo wanafalaki walipokimbilia kanuni za kukadiria, kama ile ya mwanafalaki van Regemorter ya mwaka 1962, iliyofaa kwa njia za kuhama kutoka daraja hadi daraja ambazo nuru hupita kwa wepesi, na isiyofaa kabisa kwa zile ambazo nuru hukataliwa. Mwaka 1988 mwanafalaki Mauas na wenzake walikusanya jedwali la njia 25 baina ya daraja 12, nalo likategemewa kwa muda mrefu.

Mwaka 2017 Paul Barklem wa Uppsala, Sweden, na wenzake wakatoa hesabu za migongano ya elektroni kwa njia 300 baina ya daraja 25, na lililo bora katika kazi hiyo, kwa maoni yangu, si wingi wa njia bali ni kuwa hesabu zilifanywa mara mbili kwa mbinu zisizotegemeana, moja ya Igor Bray na Dmitry Fursa wa Australia, nyingine ya Oleg Zatsarinny na Klaus Bartschat wa Marekani, mfano wa mashahidi wawili wanaohojiwa na kadhi kila mmoja faraghani. Katika joto la nyuzi 5,000 hivi, mbinu hizo zilihitilafiana kwa wastani wa asilimia 4 tu, ijapokuwa njia moja moja zilitofautiana zaidi. Na jedwali la zamani likadhihirika kuwa pungufu kwa wastani wa zaidi ya nusu. Upungufu huo ulikuwa mkubwa hasa katika njia ya mstari wa nanomita 457, ambao huonekana hata katika mabaki ya nyota zilizolipuka, yaani pale pale magnesi itawanyikapo angani.

Kazi ya namna hii haidai mlima mrefu wala darubini kubwa. Yadai kompyuta na akili iliyofunzwa sawasawa, na kwa hiyo naiona kuwa karibu mno na vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, na wenzao wa chuo kikuu cha Mbarara. Wala kazi hiyo haijaisha. Katika nyota kongwe, zenye madini haba, elektroni huru ni chache, na atomi za hidrojeni ndizo zigonganazo na magnesi kwa wingi. Migongano hiyo nayo imeanza kuhesabiwa, na ni migumu zaidi kuliko ya elektroni.