Jioni Moja ya Sinema: Mapendo, Vita na Brazzaville

Jumamosi moja jioni sisi walimu sita wa hapa Lubumbashi tulitoka pamoja kwenda kutazama sinema. Kazi ya kusahihisha mitihani ilikuwa imekwisha, na direkta wetu alisema, «Twende tukapumzishe macho.» Filamu ilikuwa ya zamani, jina lake Casablanca. Tulidhani tunakwenda kutazama habari ya mapendo tu. Kumbe, tulirudi nyumbani na somo la historia, tena historia inayoigusa nchi yetu.

Hadithi ni hii. Ni mwezi wa kumi na mbili, mwaka 1941. Mji wa Casablanca, katika Moroko, umejaa wakimbizi wa Ulaya, maana Wadachi wameshika Paris tangu mwezi wa sita wa mwaka 1940. Kila mkimbizi anatafuta karatasi za kumfikisha Lisbon, katika Ureno, apate kuvuka bahari kwenda Amerika. Rick, Mwamerika mwenye nyumba ya vinywaji na muziki, anazo karatasi za watu wawili. Usiku mmoja anaingia Ilsa, mwanamke aliyependana naye Paris, akamwacha bila kuagana. Yupo na mume wake Laszlo, adui wa Wadachi, aliyetoroka katika kambi yao. Huko Paris Ilsa alikuwa ameambiwa kwamba mume huyo amekufa. Basi, karatasi ni za wawili, na watu ni watatu. Rick afanyeje?

Anampa Laszlo na mkewe karatasi zote mbili. Ndege inaruka, naye anabaki katika ukungu.

Tulipotoka nje, mwalimu wetu kijana alikuwa amekasirika. «Mjinga gani huyu? Mwanamke alikuwa tayari kubaki naye!» Tukabishana njia nzima.

Filamu hiyo haikupigwa Moroko. Ilitengenezwa California mwaka 1942, na mwongozaji wake alikuwa Michael Curtiz. Humphrey Bogart alicheza Rick, na Ingrid Bergman alicheza Ilsa. Lakini machozi mengine tuliyoyaona yalikuwa ya kweli. Wadachi wanapoimba kwa majivuno, Laszlo anawaambia wapiga muziki wapige wimbo wa taifa la Ufaransa, na watu wote wanasimama. Kati yao yumo msichana anayeimba akilia. Huyo ni Madeleine Lebeau. Yeye na mume wake Marcel Dalio, Myahudi, waliikimbia Paris mwaka 1940, wakapitia Lisbon, sawa na wakimbizi wa hadithi. Hata Conrad Veidt, anayecheza mkubwa wa Wadachi, alikuwa Mdachi aliyeiacha nchi yake Hitler aliposhika utawala, maana mkewe alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi.

Askari wa Amerika walishuka Moroko tarehe 8 Novemba 1942, na tarehe 26 ya mwezi uleule filamu ikaonyeshwa mara ya kwanza New York.

Sasa sikilizeni jambo lililotushangaza. Mwishoni mkubwa wa polisi anamshauri Rick waende wote wawili kwa Wafaransa huru walioko Brazzaville. Tulicheka kwa mshangao. Brazzaville, ng'ambo ya mto, mbele ya Kinshasa! Lakini ni neno la kweli. Mwezi wa nane wa mwaka 1940 nchi ya Chad ilikataa kufuata Wafaransa waliokubali masharti ya Wadachi. Gavana wake alikuwa Félix Éboué, mtu mweusi mzaliwa wa Guyane. Siku mbili baadaye Brazzaville ikafuata, na jenerali de Gaulle akaufanya mji huo makao makuu ya Wafaransa huru katika Afrika. Watoto wa Ubangi walipigana Bir Hakeim, katika Libya, mwaka 1942. Katika filamu hatukumwona hata mmoja wao.

Mwenzetu mzee alikuwa kimya muda wote. Kisha akamwambia yule kijana, «Mwanangu, babu yangu alikuwa askari wa Force Publique. Mwaka 1941 alikwenda Abisinia, hata Saïo, pale Waitalia walipoweka silaha chini. Nyanya yangu alibaki na mtoto mgongoni. Rick aliulizwa na moyo wake. Nyanya yangu nani alimwuliza?»

Kijana akainamisha kichwa. «Alirudi, Mzee?»

«Alirudi. Mtoto aliyembeba kabla ya safari alimkimbia, akamwita mgeni.»

Hatukubishana tena. Tulielewa kwamba kupenda si kushika tu. Mara nyingine ni kufungua mkono. Lakini ni vema kukumbuka pia wale ambao vita iliwafungua mikono kwa nguvu, wala hakuna aliyewapiga picha. Basi, wasomaji, mkiwa na mzee nyumbani, mwulizeni leo wazazi wake walimngoja nani katika miaka ile. Andikeni jibu lake kwenye daftari, kabla halijapotea.